Wiki Moja ya Majani Mekundu

Jumapili, 21 Agosti

Daftari hili amelinunua Dada Mena. Ameshuka nalo leo baada ya misa, akaliweka mezani kwangu kando ya birika, na kalamu juu yake.

"Andika," akasema, hata hajaketi. "Tunakwenda kuona majani."

"Majani gani?"

"Majani gani! Ya kaskazini, mwenzangu. Vermont, New Hampshire, kule milimani, yanapogeuka mekundu. Wiki nzima. Mimi, wewe na gari lako."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Miaka thelathini na mmoja tumeshona mapazia pamoja kwenye kiwanda cha pale mtoni, hapa Fall River, na kila majira ya mapukutiko ndipo kazi ilipopamba moto, maana kila mwenye nyumba anataka pazia jipya kabla ya Krismasi. Tuliingia jua halijachomoza, tukatoka limekwisha kuzama. Watu wanapanda ndege kutoka mbali kuja kutazama miti yetu. Sisi tuliokulia mwendo wa saa nne tu kutoka kule hatujaiona ila kwenye kalenda.

Mena ana miaka sitini na minane, mimi sitini na minne. Yeye anakaa ghorofa ya juu, mimi ya chini, katika nyumba aliyotuachia baba. Mume wake Gil amekwisha kufa, na mwanawe mmoja, Duarte, yuko Florida. Mimi sikuolewa. Figo za Mena zilikufa miaka minne iliyopita. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nampeleka kituoni, anakaa kwenye kiti saa nne nzima mashine ikimsafisha damu, kisha namrudisha nyumbani kama nguo iliyokamuliwa.

"Na mashine je?" nikamwuliza.

"Mashine ziko dunia nzima, Deolinda. Tafuta."

Jumatano, 24 Agosti

Nimepiga simu vituo sita. Tunachotaka ni kidogo: kiti cha Jumatatu Vermont, kiti cha Jumatano New Hampshire. Ijumaa tuwe tumerudi kwetu. Mena amechora njia kwa kalamu ya rangi ya machungwa juu ya ramani: tutoke kituoni Ijumaa tarehe 30 Septemba, tuingie kwenye gari moja kwa moja. Usiku wa kwanza Bennington. Kisha tupande na barabara ya mabondeni mpaka juu kabisa, tukate kwenda milima ya New Hampshire, turudi tarehe 7 Oktoba.

Wote sita wananiambia niache namba ya simu.

Jumanne, 30 Agosti

Joto. Tangu Julai haijanyesha mvua ya kulowesha hata kitambaa.

Jumatatu, 5 Septemba

Sikukuu ya wafanyakazi, watu wote wako ufukoni, sisi tuko kituoni. Mashine haijui sikukuu.

Kiti cha pili kutoka cha Mena hukaa Stanley Wojcik, mzee wa Kipolandi, zimamoto mstaafu, mdomo wake hauna breki. Leo amesikia habari ya safari.

"Yaani mnaendesha gari mamia ya maili kutazama majani yanayokufa?"

"Wewe tunakutazama mara tatu kwa wiki bila kuendesha mbali," Mena akamjibu.

Hata muuguzi Bernadette, ambaye huwa hacheki, alilazimika kugeukia ukutani. Stanley alicheka mpaka mashine yake ikapiga kengele.

Ijumaa, 9 Septemba

Vermont wamekubali! Jumatatu, kiti kipo, saa tano asubuhi. Wanataka barua ya daktari, vipimo vya damu na karatasi za mara tatu za mwisho alizosafishwa. Bernadette atazituma. Nilipanda ngazi mbili mbili kama msichana kumwambia Mena. Alikuwa dirishani ananyonya kipande cha barafu, maana maji ya kunywa anapimiwa kwa kikombe. Akanishika uso kwa mikono yote miwili. Ule mshipa madaktari waliouunganisha mkononi mwake kwa ajili ya sindano za mashine ulikuwa unanguruma shavuni kwangu kama paka.

"Umefanya kazi, mdogo wangu," akasema.

Nimependa kuisikia hiyo. Sijui mara ya mwisho nimesifiwa lini.

Jumatano, 14 Septemba

Nitaandika, maana sina wa kumwambia.

Nilikwenda kumchukua Mena mapema. Stanley alikuwa amekwisha kutolewa, ameketi ukumbini anabana pamba mkononi, anangoja gari lake.

"Mama, mipango imekamilika?"

"Bado kituo kimoja, cha New Hampshire."

"Fanya haraka. Mwache aone majani yake, akirudi apumzike."

"Apumzike wapi? Ijumaa ya tarehe saba yuko hapa hapa karibu yako, unamchokoza."

Stanley alinitazama. Uso wake ukaniambia kabla ya mdomo.

"Hajakwambia," akasema.

"Hajaniambia nini?"

Akageuza macho mlangoni, gari lake halijafika. Nadhani alitamani lifike. "Akirudi, harudi tena kwenye kiti. Amekwisha kuzungumza na daktari. Amechoka, mama. Mungu anisamehe mdomo wangu, nilidhani wewe ndiwe wa kwanza kujua."

Najua maana yake. Sote tunaokaa ukumbini pale tunajua. Gloria wa kiti cha sita aliacha mwezi wa Machi. Aliishi siku tisa.

Basi hii safari ndiyo tarehe yake. Mimi nimekaa wiki tatu nampigia simu kila mtu kutafuta nafasi ya kumzika dada yangu, nafurahi, naruka ngazi.

Mena akatoka anajikokota, plasta mkononi. Nikamfungulia mlango wa gari. Njiani akasema zile moteli zenye bwawa la kuogelea hatuzihitaji, kwani nani kati yetu atavaa nguo ya kuogelea. Nikasema ndiyo. Akasema tubebe mablanketi. Nikasema ndiyo. Nimemfikisha, nimempandisha ngazi, nimemvua viatu. Sikusema neno. Ningelisema, angelinijibu, na jibu nalijua.

Alhamisi, 15 Septemba

Nimesali. Nimepika. Sikusema.

Jumamosi, 17 Septemba

Asipokwenda safari, hawezi kurudi kutoka safari. Ndivyo nilivyofikiri leo nikiwa nakuna sufuria, na wazo likanikaa kichwani likakataa kutoka. Amejiwekea majani kuwa mwisho wake. Basi yasipoonekana, mwisho hauji. Atasema ngoja mwakani. Watu wengi wameishi kwa ngoja mwakani.

Nimempandia juu, nikamwambia gari lina kasoro ya breki, Tavares fundi amelikataza kwenda milimani mpaka apate vifaa, na vifaa vinachukua wiki.

"Wiki moja?" Mena akauliza.

"Moja, labda zaidi kidogo."

Alinitazama kwa muda, akaikunja ramani yake taratibu. "Basi tusogeze. Tutoke tarehe saba. Majani hayatakimbia."

Sijawahi kumdanganya dada yangu tangu nilipokuwa na miaka tisa. Ilikuwa rahisi. Hilo ndilo lililonishtua.

Jumanne, 20 Septemba

Nimempigia Duarte. Nilidhani atapanda ndege leo hii, aje tusimame wawili mlangoni.

"Mama mdogo," akasema. "Mama aliniambia tangu Julai. Nimeshaomba likizo."

"Na wewe ukakubali?"

"Nifanyeje? Nimfunge pingu kwenye kile kiti?"

"Umsihi! Umlilie! Wewe ni mwanawe!"

"Nilimlilia. Akaniambia, Duarte, nimekaa miaka minne kwa ajili yako, sasa niache."

"Wewe uko kule unaota jua," nikasema, "hujui hata mama yako anatembea vipi siku hizi." Nikamkatia simu. Mtoto niliyemfunga nepi kwa mikono yangu. Moyo wa jiwe.

Jumapili, 25 Septemba

Gazetini wameweka ramani ya majani. Juu kabisa pamekuwa pekundu tayari. Wanasema ukame umeiharakisha miti, mingine majani yanakauka kahawia yakingali mtini.

Mena ameikata ramani ile kwa mkasi, akaibandika kwenye jokofu.

Ijumaa, 30 Septemba

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kutoka. Nimempeleka kituoni, nimemrudisha. Ameniomba nipite njia ya ziwani. Miti bado ya kijani kule, sisi huku karibu na bahari majani hukawia.

Jumatatu, 3 Oktoba

Kiti cha Stanley kitupu. Alianguka Jumamosi jikoni kwake, moyo ukasimama. Bernadette alitwambia huku anatandika shuka jipya kwenye kiti kile, na saa nne alikuwa amekwisha kukalishwa mtu mwingine, mwanamke wa makamo mwenye kitabu cha mafumbo ya maneno.

Mena alikaa saa zake zote amefumba macho.

Alhamisi, 6 Oktoba

Kesho ndiyo tarehe ya pili. Leo nimejitia mafua. Nimekata vitunguu vitatu, nikajisugua pua kwa taulo mpaka ikawa kama nyanya, nikajifunika shali. Mena anagonga sakafu yake kwa mpini wa ufagio akinitaka. Nikagonga dari yangu mara mbili, maana yake siwezi. Akashuka yeye mwenyewe, ngazi kumi na saba, anashikilia ukuta. Akasimama mlangoni, hakuingia, kwa sababu mafua kwake si mchezo.

"Umeshikwa?"

"Nimeshikwa, Dada. Sitaki kukuambukiza ndani ya gari."

"La, hutaki."

Akasimama. Nikasikia anavyohema.

"Wiki nzima imekuwa ndefu," akasema. "Tufanye siku nne. Tuache New Hampshire. Ukipona."

"Nikipona."

Amepanda tena. Nimezihesabu ngazi zote kumi na saba, na mara mbili alipumzika. Taulo bado linanuka vitunguu.

Jumapili, 9 Oktoba

Televisheni leo imejaa milima. Mena amezima sauti, anatazama picha tu. Nilimletea supu isiyo na viazi, isiyo na chumvi, isiyo na kitu. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetazama harusi ya watu barabarani, naye amesimama ng'ambo na mifuko ya sokoni.

"Siku mbili zingetosha," akasema, bila kunigeukia. "Hata moja. Tutoke asubuhi, turudi jioni."

Nikasema tutaona.

Niliona aibu. Lakini aibu haiui, figo zinaua. Nilijiambia hivyo nikishuka.

Jumatano, 12 Oktoba

Leo nimeona.

Miaka minne nimekaa ukumbini na kazi yangu ya kufuma. Mlango ule wa vioo uko kushoto kwangu, mimi nafuma. Nampokea akiwa amemalizika, sijui alivyomalizwa. Leo Bernadette alitoka akaniita kwa mkono, haraka, niingie.

Presha ya Mena ilikuwa imeanguka. Kiti wamekilaza mpaka miguu imepita kichwa. Alikuwa wa rangi ya majivu. Miguu yake imekazwa na misuli, vidole vya miguu vimejikunja kama kucha za kuku, naye hapigi kelele, ameuma kitambaa. Bernadette na mwenzake wakawa wanazisukuma nyayo zake kwa mikono yao yote. Akatapika. Nikamshikia beseni. Damu yake mwenyewe ilikuwa inazunguka pembeni yangu kwenye mipira, nje ya mwili, nyekundu, inakwenda na kurudi.

"Hutokea mara nyingi hivi?" nikamwuliza Bernadette.

"Siku hizi karibu kila mara," akasema. "Hakukwambia?"

Hakuniambia. Alipofungua macho akaniona, akajifuta mdomo. "Rudi ukumbini, Deolinda. Utachafua koti."

Nilibaki. Dakika arobaini nilizishika nyayo zile. Za baridi kama samaki. Na nikaelewa ninachokifanya tangu mwezi uliopita. Nilidhani namshika asianguke shimoni. Kumbe yumo shimoni, na mimi ndiye niliyekalia kifuniko.

Duarte alikuja hapa mwezi wa Aprili. Alikaa ndani na mama yake, upande wa pili wa mlango, siku zote tatu. Nikamwona mjinga kwa kukosa hewa mle ndani. Sasa namwonea haya.

Ijumaa, 14 Oktoba

Nimepiga simu mwenyewe, sikuambiwa. Vermont wamejaa wiki ijayo yote. Wiki ya tarehe 24 wana kiti Jumatatu. Nimekichukua. Tutatoka Ijumaa tarehe 21.

Nimemwambia Mena, "Gari liko tayari. Mimi nimepona."

"Umepona?"

"Nimepona, Dada."

Ameichukua ramani jikoni. Gazeti linasema kule juu majani yamekwisha kupita, lakini katikati na kusini bado yapo ya siku kumi, hali ya hewa ikitulia. Ikitulia.

Jumatatu, 17 Oktoba

Jua. Hakuna upepo.

Jumanne, 18 Oktoba

Jua. Nimepeleka gari kwa Tavares kweli, aangalie matairi. Akaniuliza lina nini. Nikasema halina kitu.

Jumatano, 19 Oktoba

Jua, joto kama la Julai. Mena ametoka kituoni akitembea vizuri kidogo. Amepaka rangi ya mdomo.

Alhamisi, 20 Oktoba

Mabegi yako mlangoni. Mablanketi mawili, dawa zake, mto wake. Redioni wanasema mvua inakuja kesho, kubwa. Wakulima wanashangilia.

Ijumaa, 21 Oktoba

Mvua imeanza tukiwa kituoni. Si mvua, ni ghadhabu. Miezi mitatu mbingu imefunga mkono, leo imeufungua wote. Upepo umeangusha waya mtaani kwetu. Polisi wanazuia barabara. Nimesimama dirishani mpaka giza naitukana kama mtu.

Mena amegonga sakafu. Nimepanda. "Kesho tutakwenda," akasema. "Mvua au jua."

Jumamosi, 22 Oktoba

Tulitoka saa mbili asubuhi. Mvua imepungua, upepo haukupungua. Mena amekaa mbele na blanketi magotini, mdomo umepakwa rangi. Maili sitini za kwanza alizungumza. Alizungumza habari ya kiwanda, ya yule msimamizi aliyeshona tai yake mwenyewe kwenye pazia la mteja. Nilicheka mpaka nikakosea njia ya kutokea.

Baada ya Springfield vilima vikaanza.

Miti ilikuwa mitupu. Si yote. Mialoni ilibakiwa na majani yake, ya kahawia, makavu, kama karatasi za mfuko. Ila ile miti ya mepo, yenyewe tuliyoifuata kwa wekundu wake, ilikuwa vijiti. Majani yote yako chini. Yamebandikwa barabarani, mtaroni, kwenye vibao, magari yanayakanyaga, yamekuwa uji mweusi. Kila kona niliipiga nikisema moyoni, baada ya hii. Baada ya hii hapakuwa na kitu, ikaja nyingine.

Juu ya kilima kimoja pana mahali pa kuegesha magari, watalii husimama pale kuona bonde. Hapakuwa na gari jingine. Mena akasema simama. Nikasimama. Bonde lote la kijivu. Wipa za kioo zikawa zinapita, zinarudi.

"Breki zilikuwa nzima," akasema.

Nikashika usukani kana kwamba gari linakwenda.

"Nilimpigia Tavares siku ileile. Akaniambia gari lako hajaliona tangu Mei."

"Mbona hukusema?"

"Nilingoja useme wewe. Nilisema atasema kesho. Ukaja na vitunguu."

"Dada—"

"Nilivinusa kutoka mlangoni, Deolinda. Mimi figo zangu ndizo zimekufa, si pua."

Angekuwa amekasirika ningejua la kufanya. Alisema kama anayesoma orodha ya sokoni.

"Umemwambia Duarte," nikasema. "Umemwambia hata Stanley. Mimi hukuniambia. Kwa nini?"

"Kwa sababu Stanley asingenificha funguo za gari."

Upepo ukalitikisa gari. Nikaanza kulia, na kulia kwangu ni kubaya, kwa makamasi na kelele. "Nilitaka uishi tu."

"Najua."

"Siku chache zaidi."

"Nimeziishi. Wiki tatu. Mara tisa kwenye kile kiti, nimezihesabu." Akafuta kioo chake cha dirisha kwa kiwiko, ingawa ukungu ulikuwa nje. "Nilidhani utachoka kunizuia. Kumbe mimi nimechoka kwanza."

"Nisamehe, Dada Mena."

Alitazama bonde lile kwa muda mrefu, kila pembe yake, kama mtu aliyeangusha kitu.

"Nimekusikia," akasema. "Geuza gari."

Jumatatu, 24 Oktoba

Saa moja na nusu nilitoka nikawasha gari kama kila Jumatatu. Nikakaa ndani linanguruma. Kisha nikalizima, nikarudi ndani. Nimewapigia Vermont kuachia kile kiti. Mwanamke akaniuliza sababu. Nikasema hali ya hewa.

Jumatano, 26 Oktoba

Duarte amefika. Amekuwa mnene, ana mvi. Nilitaka kumwomba radhi kwa ile simu, akanikumbatia kabla sijafungua mdomo.

Daktari amesema sasa ale anachotaka. Mena akaomba maji. Glasi nzima, ya baridi, kutoka bombani. Aliishika kwa mikono miwili, akainywa yote bila kupumua, tone likapita kidevuni. Akaomba nyingine. Duarte akatoka nje kwenda barazani, nikamsikia. Mchana nikampikia supu ya sukuma wiki kama ya mama, na viazi, na soseji, na maharage, mambo yote tuliyokatazwa. Alikula vijiko sita. Akasema, "Chumvi kidogo imepungua," nikacheka mpaka nikashika meza.

Ananizungumzia vizuri. Ananishukuru kwa kila kitu. Nani asiyejua kuwa mtu akishukuriana na ndugu yake kwa kila kitu, kuna kimoja kimekaa katikati yao.

Ijumaa, 28 Oktoba

Miguu imevimba. Analala sana.

Jumapili, 30 Oktoba

Padri amekuja. Mena alifungua macho, akajibu sala zote. Nilipobaki naye peke yangu nikasema tena lile nililolisema kule kilimani. Alikuwa amelala, au alijifanya amelala. Nikamshika mkono. Mshipa wake bado unanguruma.

Jumanne, 1 Novemba

Saa tisa alasiri. Duarte alikuwa upande mmoja, mimi upande mwingine. Pumzi ilitoka, tukangoja nyingine. Tukangoja. Nikaweka kiganja juu ya mkono wake na kulikuwa kimya.

Alhamisi, 3 Novemba

Watu, mikate mitamu, watu.

Jumamosi, 5 Novemba

Tumemzika karibu na Gil. Sikutaka kuandika, ila nimeona niandike hili halafu basi.

Siku ilikuwa ya jua, tulivu, na makaburini kwetu miti imegeuka. Nilisema huku karibu na bahari majani hukawia. Mepo zote za kando ya ukuta zilikuwa nyekundu, nyekundu ya kuumiza, na majani yalikuwa yanaanguka moja moja juu ya mabega ya watu na juu ya sanduku. Kila mtu alisema, ameipata siku nzuri. Nilisikia hivyo labda mara ishirini. Nilitazama viatu vyangu.

Watu walipokwisha kutawanyika, Duarte alibaki nami kwenye ukuta wa mawe. Akaokota jani, akalizungusha.

"Mama mdogo, nilikuwa sijakushukuru."

"Kwa lipi?"

"Kwa kumpeleka. Alinisimulia siku ile niliyofika, wewe ulikuwa jikoni na supu. Alisema mlisimama juu ya kilima, bonde zima chini yenu linawaka, jekundu mpaka macho yanauma. Alisema wewe ulilia kama mtoto."

Nilishika ukuta.

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo. Alisema, mwambie mama yako mdogo asijiulize maswali, majani niliyaona." Akajifuta pua kwa mkono. "Sikuelewa. Nikasema ni dawa zile. Lakini hilo la bonde alilisimulia kwa akili timamu kabisa."

Dada yangu hakuwahi kudanganya. Hata Gil alipomwuliza kuhusu nywele zake zilivyopungua, alimwambia ukweli. Sijui uongo huu alimtungia mwanawe, apate kurudi Florida na moyo mwepesi, au alinitungia mimi. Sijui kama ni msamaha au ni mzigo amenitwika. Wa kumwuliza alikuwa hatua kumi kutoka pale, na wanaume wawili wenye makoleo walikuwa wamekwisha kuanza kufukia.

"Ilikuwa hivyo?" Duarte akauliza. Macho yake ni ya Mena. "Nisimulie na wewe. Tangu mwanzo."

Nikaweka mkoba wangu juu ya ukuta.

"Usiku wa kwanza tulilala Bennington," nikamwambia. "Asubuhi kulikuwa na ukungu kidogo."

Nikamsimulia siku zote saba za ile ramani.